Jani Nililompelekea Bi Mwanahamisi

Aikande,

Salamu nazipita. Umetoka hapa asubuhi ukiwa mzima kabisa, umekula ndizi sita, ukashuka mjini kumuaga shangazi yako wa Mawenzi. Sasa nikuulize hali? Hali yako naijua. Yangu pia unaijua, maana wiki tatu hizi unanipa shikamoo kama mtu anayemrushia kuku punje, halafu unapita.

Naandika kwa sababu mama yako ameenda kwaya, nyumba iko kimya, na kalamu yako umeiacha mezani. Usicheke mwandiko. Mimi shule niliacha darasa la pili kwa hiari yangu, mwalimu mwenyewe akalia. Mama yako anasema alilia kwa furaha. Mwache. Yeye hakuwepo.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutotembea peke yako gizani, hayo mama yako atakujazia masikioni mpaka basi liondoke. Mimi nataka kusema jambo moja tu, ile safari yetu ya pwani na lile jani. Kesho unakwenda kukaa kwenye nyumba ambayo mimi baba yako nimekatazwa kuikanyaga, na wewe unadhani sijali.

Najali. Tuanzie hapo.

Unakumbuka mwaka ule umemaliza kidato cha nne, kaka yako Elisante akaja kutoka Dar na gari la kuazima na neno jipya mdomoni.

"Baba, mwaka huu tunakwenda likizo. Familia nzima. Tunazunguka vijiji vya pwani, Tanga mpaka Pangani. Tunaangalia mandhari."

"Mandhari?" nikamwuliza. "Fungua mlango wa choo pale, utaiona Kibo yote mpaka kiunoni. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuangalia kitu ninachokiona mimi nikiwa nimechuchumaa."

"Hii ni tofauti, baba. Ni bahari."

"Ni maji."

Mimi, Aikande, nimebeba watalii miaka ishirini na mbili. Si watalii wenyewe, mizigo yao, lakini kuna mwaka nilimbeba na mmoja. Nimebeba jiko, mahema na meza ya kulia mpaka kambi ya Barafu, na mkungu wa ndizi begani kwa ajili yangu. Mama yako anasema haikuwa meza, kilikuwa kiti. Sawa, kilikuwa kiti kikubwa. Mtu wa namna hiyo leo umwambie na yeye akatalii? Nilicheka mpaka ng'ombe akaacha kula.

Lakini nyie watatu mlishaamua. Basi nikapakia kwenye buti mkungu mmoja, kahawa, na nyama ya kukausha. Elisante akasema, "Baba, pwani kuna chakula." Nikamwambia chakula najua kipo, ila cha watu je?

Njia nzima kutoka Himo mpaka Korogwe niliisema ile nchi. Jua lenyewe limekaa chini kama sufuria. Tulipofika huko kwenyewe, ndiyo ikawa zaidi. Kijiji cha kwanza kina minazi, mchanga, mtumbwi umelala ubavu. Mnashuka, mnasema "jamani!", mnapiga picha, mnapanda. Kijiji cha pili kina minazi, mchanga, mitumbwi miwili. Mnashuka tena. Pale Tongoni mkazunguka magofu saa nzima mmefumba midomo kama mko kanisani. Nikasema ukuta wa zizi langu nao umeanguka, mbona hakuna aliyewahi kuupiga picha? Mama yako akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza mpaka kijiji cha nne.

Na hayo siyafuti. Mpaka leo bahari naiona kitu cha kijinga. Maji mengi hivyo, huwezi kunywa, huwezi kumwagilia mgomba, yanakuja yanarudi kama mtu aliyesahau ufunguo. Kama ningeishia kuitukana bahari nisingekuwa na la kuandika. Bahari haina masikio.

Sasa tukafika ng'ambo ya Pangani, kwenye kile kijiji unachokwenda kesho, nyumbani kwa Bi Mwanahamisi. Ana vyumba viwili anawapangisha wasafiri. Mume wake, Mzee Makame, alikuwa fundi cherehani aliyekwisha acha kazi, anakaa barazani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu wapole. Wametufungulia chumba, wametupa maji ya kuoga, na tulipotoka tukakuta mkeka umetandikwa uani na sinia katikati. Wali wa nazi. Mchicha wa nazi. Na pweza.

"Karibuni, wageni wa mlimani," akasema yule mama. Pembeni walikuwepo majirani zake wawili, wanawake, wamekuja kutuona.

Nikamtazama yule pweza. Miguu yote ile. Nikasema kwa sauti yangu ile ya kuita mtu ng'ambo ya korongo:

"Mama Aikande, toa mkungu kwenye gari. Chakula cheupe namna hii kwetu anapewa ng'ombe aliyezaa. Na hiki chenye miguu, hata mbwa angekibwekea kwanza."

Nilidhani watacheka. Kwetu kilabuni, kwenye pombe ya mbege, maneno kama hayo watu wanaanguka chini. Pale hakucheka mtu. Bi Mwanahamisi alilivuta sinia upande wake taratibu, akalifunika kwa kawa. Mzee Makame akasema, "Mgeni kachoka na njia."

Mzee wa watu amenifungulia mlango wa kutokea. Mimi nikajibu, "Sijachoka."

Ndipo wewe ukanawa mikono. Mtoto wa miaka kumi na saba. Ukaenda ukakaa kwenye mkeka, ukaliinua lile kawa mwenyewe, ukasema, "Bibi, mimi nina njaa." Ukala. Mguu wa pweza ukaula mbele yangu, unanitazama.

Na mimi nikasema, "Kula basi, na uhamie huku kabisa, kwa wavivu wenzako."

Miaka sita nimesema neno lile lilikuwa utani. Utani wangu naujua vizuri, una mkia wa kucheka. Lile halikuwa na mkia.

Kuna kitu sijawahi kukisimulia, kwa sababu hakinipendezi. Kwenye mlima ule, mwaka wa pili wa kazi, nilipika mtori kambini kwa ajili yetu wapagazi. Ulikuwa mtori wa kweli, ndizi nilizobeba mwenyewe, zimepondwa na nyama. Mzungu mmoja kijana akaomba kuonja. Nikampa bakuli langu. Akaonja, akatabasamu, akasema asante sana, akazunguka nyuma ya jiwe akautema. Alidhani sioni. Wenzangu walicheka mpaka asubuhi. Mimi pia nilicheka, lakini lile bakuli sikulitumia tena safari ile. Kwa hiyo usidhani sikujua ninachomfanyia yule mama. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale uani. Yule Mzungu walau alizunguka nyuma ya jiwe.

Kesho yake, unakumbuka, maji yalikuwa yametoka, pwani imebaki wazi kama uwanja wa mpira. Nikasema nitaikanyaga hiyo bahari yenu nione ina nini. Mzee Makame akaniita kutoka barazani, "Vaa viatu, bwana, huko kuna miiba." Viatu nilikuwa navyo, vipya, sikutaka viloe. Nikamwambia miguu hii imepita kwenye barafu, mwiba gani wa kwenye maji utaijua?

Mwiba uliijua. Lile dude jeusi, la duara, lenye miiba mwili mzima, kama kichwa cha mtu aliyeogopa. Nilikanyaga moja, nikaruka, nikatua juu ya lingine. Mwanaume aliyebeba meza mpaka Barafu akaletwa mgongoni kwa mwanawe, miguu inaning'inia, na wale majirani wawili wamesimama mlangoni wameshika viuno.

Bi Mwanahamisi akaja na papai bichi na kisu.

"Nyoosha mguu, baba wa mlima."

"Dawa gani hiyo?"

"Utomvu wa papai."

"Kwetu papai tunakula."

"Na kwetu wali tunakula," akasema, wala hakuniangalia. "Kila mtu na chake. Tulia."

Hakuongeza kitu. Alikaa na unyayo wangu mapajani mwake mpaka adhuhuri, anadondoshea utomvu mwiba mmoja mmoja mpaka unalegea. Unyayo wangu mimi, niliyemwambia chakula chake ni cha ng'ombe. Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mdomo huu unaoujua, unaosema tangu jogoo mpaka mbu. Ukagoma. Nikatazama dari. Nikahesabu boriti. Nikasema, "Boriti zenu zimeliwa na mchwa."

Tukarudi nyumbani. Miguu ikapona, kifua kikabaki na kitu. Nikafanya kama baba yangu alivyofanya na baba yake alivyofanya. Nikaenda kwenye mpaka wa kihamba, mwisho wa migomba yangu, nikachagua jani la isale, refu, halina doa, nikalikunja na kulifunga fundo. Nikaliweka juu ya kikapu cha ndizi na kahawa, nikampa kondakta wa basi, nikamwelekeza nyumba. Barua sikuandika. Ya nini? Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea isale, umeshamaliza. Huwezi kukataa, hata kama amekuchomea nyumba. Unalipokea, mnakaa, mnakunywa. Jani ndilo linasema, wewe unasimama nyuma yake na heshima yako haijapungua hata kidogo. Nadhani ndiyo maana tunalipenda.

Jibu halikuja. Nikachukulia ndiyo jibu. Kilabuni nikajigamba kwamba nimepeleka isale mpaka pwani, mtu wa kwanza wa Masama, na watu wa pwani wamenyamaza kimya. Wazee wakanipigia makofi. Miaka sita nimekunywa mbege juu ya hadithi hiyo.

Halafu mwezi uliopita ukapangiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya kijiji kile, tena uliomba mwenyewe, ukampigia Bi Mwanahamisi kuulizia chumba. Ukarudi kutoka nje na simu mkononi. Mimi nilikuwa namenya ndizi.

"Baba, ulimtumia nini Bi Mwanahamisi?"

"Isale," nikasema, kifua mbele.

"Jani?"

"Jani. La fundo."

"Na maneno?"

"Maneno ya nini? Isale ndiyo maneno."

Ukakaa kwenye kizingiti. "Baba, yule mama jani lile amezoea kuliona makaburini tu. Na kikapu kilifika Mzee Makame amelazwa Tanga, hajitambui. Akafunua, akakuta jani la kaburi limefungwa fundo, limetoka kwa mtu aliyemtukana. Ndizi zako zote alizitupa baharini. Mzee alipona, akaishi miaka minne zaidi, lakini mama anasema mimi niende, chumba kipo, ila baba yangu asikanyage kwake."

Nilipaswa kuweka kisu chini. Badala yake nikasema, "Kwa hiyo na ujinga wao nao ni kosa langu?"

Ukanyanyuka. Na ndiyo umenyanyuka hivyo mpaka leo.

Usiku ule mama yako hakunigombeza, ndiyo nikajua ni kubwa. Siku ya pili, anachuja maziwa, akasema bila kunigeukia, "Miaka thelathini na minane unaniletea majani. Ulipochinja mbuzi wangu bila kuniuliza, jani. Ulipolala kilabuni mwanao anaumwa, jani. Ningekuwa ng'ombe ningekuwa nimenenepa." Akaendelea kuchuja.

Mimi nikaenda zizini kufikiri. Nimejisifu vitu vingi maishani, vingine hata vya kweli. Lakini nikapekua kichwa kizima nitafute siku moja niliyomwambia mtu nisamehe, kwa mdomo, ananiona uso, si nyuma ya jani. Sikupata. Mzee wa miaka sabini na moja. Watoto wa chekechea wanalisema neno hilo kabla ya chai. Mimi, mshindi wa maneno kilabuni, nilikuwa sijawahi kulitoa. Huyo ndiye baba yako. Ukimcheka yule wa pwani asiyejua isale, basi mcheke na huyu asiyejua kuongea.

Leo ulipoondoka nikachukua simu ya mama yako. Namba nazisoma vizuri, usinidharau. Ikaita sana.

"Nani?"

"Baba Aikande. Wa Masama."

Nikasikia kuku wake.

"Yule wa ng'ombe aliyezaa."

"Ndiyo huyo."

"Wataka nini? Mzee keshakwenda. Hukubakisha wa kumtumia."

Aikande, nimepigwa na mvua ya mawe juu kule, lakini haikunipiga namna hiyo. Nikaanza, "Kwetu, mama, lile jani..."

"Lile jani mwanao keshanieleza. Wiki tatu ananipigia kunieleza. Eti babangu hakuwa na nia mbaya, bibi, kwetu ndiyo heshima, bibi. Kwani yeye ndiye aliyelileta?"

"Hapana."

"Basi."

Wiki tatu. Hapa nyumbani hunipi hata jina, na huko unanitetea kwa vocha yako. Hukuniambia.

Nikasema. Neno lenyewe lilitoka kama jino.

"Nisamehe."

"Sisikii. Mtandao wenu huo wa mlimani."

"Nisamehe!" Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Ndeoya akachungulia juu ya ua, akadhani nimevamiwa.

"Kwa lipi?"

"Ni mengi, mama."

"Mie nina muda."

Basi nikayataja. Sinia. Ng'ombe. Mbwa. Boriti. Kikapu. Yeye anaitikia "enhe", "enhe", kama karani. Nilipofika mwisho nikavuta pumzi.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto yupi?"

"Ulimwambia ahamie kwa wavivu wenzake. Mtoto alilia jikoni kwangu jioni ile, nikamfuta kwa kanga yangu hii. Hukujua?"

Sikujua. Nilidhani ulikwenda kuosha vyombo.

"Huyo mwombe mwenyewe," akasema. "Langu nimelisikia."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nimesema nimelisikia. Hilo jingine si la kwenye simu. Njoo nikuone ukila."

"Nile nini?"

"Utakachopewa." Akakata.

Sasa nimebaki na wewe, na wewe ndiye mgumu.

Siku ile uani nilikasirika kwa sababu ulifanya jambo rahisi kabisa, ulinawa mikono ukala, na nyumba nzima ikapumua. Mimi mwenye hadithi zote nilikuwa nimeshindwa hilo. Ningeweza kuja kukaa pembeni yako. Nafasi ilikuwepo kwenye mkeka. Badala yake nikakutupia neno la kukufukuza, na ndani ya neno hilo nikawatukana watu waliokupa chakula. Sasa ona, umehamia kweli. Watu watasema umepangiwa na serikali. Mimi najua ni nani aliyekuonyesha mlango.

Nisamehe, Aikande. Na kwa lile la ujinga wao, nisamehe. Na kwa wiki tatu za kukaa zizini nikisubiri wewe uanze, nisamehe. Nimeandika mara tatu na kila mara herufi zimekaa vibaya, ila naona mkono unaanza kuzoea.

Sikufundishi namna ya kuishi na watu wa huko. Utanifundisha wewe. Ila ukiniona nimetazama dari badala ya kusema, nifinye. Nifinye kwa nguvu, ngozi yangu ni nene.

Elisante ameshakata tiketi ya pili kwa simu. Kesho asubuhi utanikuta nimevaa koti lile la kanisani, usiniulize maswali mbele ya mama yako, atalia halafu tutachelewa. Chakula sibebi. Njiani nitaisema hiyo nchi mpaka Korogwe, hilo sikuahidi kuacha. Kuanzia Korogwe nitanyamaza nijizoeze kumfikiria pweza.

Na kiti cha dirishani nakaa mimi. Wewe utapata muda wa kuiangalia hiyo bahari miaka yote. Mimi nina siku mbili tu.

Baba yako